Je, Kubeba GPS ya Akiba ni Kukosa Imani?



Leo naomba tutafakari swali lililoulizwa kwenye benchi la mbao, nje ya nyumba ya mapadre hapa Chato, Jumapili moja wakati wa likizo yangu. Aliyeuliza ni kijana wa VIWAWA. Aliyeulizwa ni rubani. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na kikombe cha chai, na kiukweli swali lile lilinichoma mimi kuliko lilivyomchoma rubani.

Rubani huyo alikuwa amewaleta wageni wanaokwenda Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, kwa ndege ndogo ya injini moja. Akalala Chato, asubuhi akaja Misa ya kwanza. Baada ya Misa vijana wakamzunguka na maswali, na mmoja akamuuliza anajuaje njia huko juu wakati hakuna vibao. Akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidude kama simu ya zamani ya vitufe. Ni GPS ya mkononi, Garmin, ya miaka mingi, rangi imechubuka, kioo kina mikwaruzo, inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti ya televisheni.

"Hii ndiyo ya akiba," alisema. Kwenye dashibodi ya ndege ana kifaa kikubwa cha kumwonyesha njia. Pajani ana kishikwambi chenye ramani za anga. Na mfukoni ana huyo mzee.

Tukaiwasha pale benchini. Ilichukua dakika kadhaa kutafuta setilaiti, sisi tukiitazama kama watu wanaosubiri maharage yaive. Ilipopata, ikatuonyesha tulipo. Lakini tarehe ilikuwa ya ajabu: ilituambia tuko miaka kumi na tisa na miezi saba hivi nyuma! Rubani akaeleza. Mfumo wa GPS huhesabu wiki, na ukifika wiki 1024 huanza tena sifuri. Mwezi Aprili 2019 hesabu hiyo iligeuka, na vifaa vingi vya zamani vikarudi nyuma. Ila kwa kuwa vimerudi nyuma kwa wiki kamili, siku ya wiki haiharibiki. Jumapili bado ni Jumapili.

Halafu tukatafuta uwanja wa ndege wa Chato. Haumo. Barabara ya kurukia ya kilomita tatu, iliyojengwa enzi za Rais Magufuli, kwenye ramani ya kifaa kile ni pori tupu. Hata Mkoa wa Geita, uliozaliwa 2012, kwa kifaa kile bado haujazaliwa. Rubani aliingiza alama ya Chato mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

"Sasa Kapteni," dada mmoja akauliza, "haijui mwaka, haijui uwanja, ya nini?"

"Inajua nilipo," akajibu. "Hayo mengine nayajua mwenyewe."

Hapo ndipo yule kijana wa VIWAWA akatupa swali lake. "Ila Kapteni, wewe ni Mkatoliki, na kabla ya kuruka unasali. Kama kweli unamwamini Mungu, vifaa vitatu vya nini? Hiyo si imani haba?"

Watu wakacheka. Rubani hakucheka. Alisema hivi: "Mdogo wangu, nyuma yangu huwa wanakaa watu watano. Hawakupanda ndege ili mimi nipime imani yangu kwa maisha yao."

Nami nikanyamaza, ingawa wote walinigeukia, maana ndiye frateri, tena nimesoma falsafa. Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka boti.

Kosa langu mwaloni

Naomba niwaambie ukweli, maana sipendi kuwafundisha jambo huku nimejificha. Likizo moja kabla ya hiyo, tulikwenda na vijana kwenye kigango cha kisiwani kwa ajili ya semina. Boti ya mbao, injini moja, sisi ni ishirini na tatu. Tulipofika mwaloni dada mmoja akauliza, "Frateri, mbona maboya ya kuvaa hayatoshi?" Yalikuwepo machache tu, yamelundikwa mbele. Nahodha alikuwa na haraka. Wazee wa kigango walikuwa wanatusubiri. Nami nikajibu kwa tabasamu, "Dada, tusali tu, Yesu alituliza dhoruba." Nikaanzisha sala. Wakaitikia wote, na yule dada naye akaitikia, akapanda.

Tukavuka salama. Ziwa lilikuwa kama kioo. Jioni nilisifiwa kwamba nina imani.

Wapendwa, hakuna kilichotokea, na hicho ndicho kinachonisumbua. Tungepata ajali, ningejuta mara moja. Kwa kuwa tulifika, kosa langu lilivaa kanzu ya ushuhuda. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika mwaka 1976 juu ya kitu wanachokiita bahati ya kimaadili: watu wawili wanafanya uzembe uleule, mmoja anafika salama, mwingine anaua mtu; tunamlaumu wa pili, wa kwanza tunamwacha aende zake. Lakini ukirudi pale mwanzo, kabla injini haijawashwa, wote wawili walifanya uamuzi uleule. Mimi nilikosa mwaloni. Utulivu wa ziwa haukunisafisha.

Na sisi wa ukanda huu hatuna kisingizio cha kutojua. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19, na wavuvi ndio waliofika mapema na mitumbwi yao kuokoa. Sisemi ndege ile ilipotea njia, la. Nasema tu kwamba ziwa hili tunalijua, na maji hayaulizi nani amesali.

Kumtumaini Mungu na kumjaribu Mungu

Turudi kwenye swali. Je, GPS ya akiba ni imani haba?

Kumbukeni Yesu juu ya kinara cha hekalu. Ibilisi alimwambia ajitupe, akataja hata Maandiko kwamba malaika watamdaka. Yesu hakukana kwamba Baba anaweza kumtunza. Alikataa kumjaribu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anayeweza kujisaidia, kisha bila sababu ya lazima anaacha njia zilizopo na kujitia hatarini akimsubiri Mungu amtoe, huyo anamjaribu Mungu. Tena anapopanga sehemu nane za fadhila ya busara, tatu za mwisho ni kuona mbele, kuyaangalia mazingira na kuchukua tahadhari. Kumbe tahadhari ipo ndani ya fadhila. Siyo kitu cha watu waoga waliobaki nje ya mlango.

Mfano ninaoupenda zaidi ni safari ya Mtume Paulo, Matendo ya Mitume sura ya 27. Merikebu ina watu 276, dhoruba ni kali. Malaika anamtokea Paulo na kumwahidi kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Ahadi hiyo imetoka kwa Mungu mwenyewe! Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungelala. Lakini mabaharia waliendelea kupima kina cha maji, wakashusha nanga nne, huku wakiomba kupambazuke. Na mabaharia walipotaka kutoroka kwa mtumbwi, Paulo, yuleyule mwenye ahadi, akawaambia askari kwamba hao wakiondoka hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikufuta kazi ya baharia. Nanga nne na sala vilikwenda pamoja, usiku uleule.

Na wanawali kumi je? Wote walikuwa na taa, wote walimpenda bwana arusi, wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta ya akiba.

Najua kuna mwenye pingamizi, na ni pingamizi zuri: "Frateri, mbona Yesu alimwita mpumbavu yule tajiri aliyejenga maghala ya akiba?" Ni kweli, Luka sura ya 12. Akiba inaweza kugeuka sanamu. Kuna mtu anaweka akiba ili asimhitaji tena Mungu wala jirani. Kuna kijana anayekusanya tahadhari mpaka haanzi safari yoyote: hachumbii, haingii utawa, hafungui biashara, anasubiri uhakika usiokuja. Sasa tutofautisheje?

Mimi nimepata kipimo kwenye jibu la rubani: uliza akiba hiyo ni kwa ajili ya nani, na inakupeleka wapi. Tajiri alijenga maghala kwa ajili ya nafsi yake, apumzike. Rubani anabeba GPS kwa ajili ya watu watano walio nyuma yake, na akiisha kuibeba, anaruka. Akiba ya tajiri ilimketisha. Akiba ya rubani inamwezesha kwenda.

Kanisa linawaheshimu mashahidi waliotoa maisha yao kwa imani. Walitoa ya kwao. Hakuna shahidi aliyetangazwa mtakatifu kwa kutoa maisha ya abiria wake. Mimi mwaloni sikutoa kitu changu. Nilimwekea rehani yule dada aliyeuliza, na nikaiita imani.

Akiba ya kweli na akiba ya jina

Lakini kubeba kifaa tu hakutoshi. Nilimwuliza rubani je, kila mwenye GPS mfukoni yuko salama? Akatikisa kichwa. Alinieleza mambo matatu ambayo nimeyatafakari sana.

La kwanza, akiba lazima iwe hai. Kifaa kilichozimwa kinaweza kuchukua dakika nyingi kupata setilaiti, na dakika hizo angani huna. Kwa hiyo anakiwasha akiwa bado chini, na hukiacha kinafanya kazi safari nzima. Nyumbani kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi na wapima ardhi, niliikuta GPS kama ile kabatini. Nikafungua mgongo wake: betri zimevuja, chuma kimeota kutu ya kijani. Miaka yote ile sisi tulijua tunayo.

La pili, akiba lazima ipimwe kabla ya hatari. Alama ya Chato aliiingiza mwenyewe, kisha akamwomba mwenzake aisome kwa sauti. Ukikosea nyuzi moja tu ya longitudo, ukaandika 32 badala ya 31, umesogea mashariki kama kilomita 111, unaelekea Mwanza. Na kifaa hakitabisha. Kitakuongoza kwa utulivu kabisa kwenda mahali pasipo.

La tatu ndilo lililonishangaza: akiba isinywe kisima kimoja na kile inachokisaidia. GPS yake ya mkononi ina betri zake, hivyo umeme wa ndege ukikatika, yenyewe inaendelea. Hapo ni akiba kweli. Lakini inasikiliza setilaiti zilezile zinazosikilizwa na kifaa cha dashibodi na kishikwambi. Mawimbi yakivurugwa, vyote vitatu vinapotea pamoja. Na hili siyo hadithi ya mbali: mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS huko Kivu Kaskazini, jirani zetu kabisa. Tena kuna kuvuruga kwa aina mbili. Kuna kuzima, kifaa kinakuambia hakioni kitu. Na kuna kudanganya, kifaa kinakuambia kwa uhakika uko mahali ambapo haupo.

"Sasa hapo unabaki na nini?" nikauliza.

"Dira, saa, ramani ya karatasi na dirisha," akasema. "Najua nimeondoka saa ngapi, naelekea wapi, kwa kasi gani. Na ziwa likiwa upande usiotakiwa, naliamini ziwa."

Kuna ajali moja inayofundisha haya kwa uchungu. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya Korea Kusini, safari namba 007, iliacha njia yake kwa zaidi ya kilomita 500, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa. Walikufa watu 269. Ndege ile ilikuwa na mitambo mitatu ya kuonyesha njia. Uchunguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga ulionyesha kwamba rubani wa kujiendesha hakuwa akiifuata mitambo hiyo, na kwa saa zaidi ya tano marubani hawakugundua. Akiba ilikuwepo, haikuulizwa. Baada ya msiba huo Rais Reagan wa Marekani alitangaza kwamba GPS ikikamilika itatolewa bure kwa ndege za kiraia. Kwa hiyo hata kile kidude cha mfukoni pale benchini kina deni kwa wafu wale.

Dhamiri ni kipokezi

Vijana, tufike kwetu. Kila mmoja wetu anabeba kipokezi kimoja cha zamani kuliko vyote, nacho ni dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, unafundisha kwamba ndani ya dhamiri mtu anakutana na sheria ambayo hakujitungia mwenyewe. Angalia vizuri hapo. Dhamiri haitengenezi ukweli, kama vile GPS haitengenezi Chato. Inapokea. Ndiyo maana haitoshi kusema "dhamiri yangu imeniruhusu". Swali ni je, iko hai? Imepimwa? Na inasikiliza nani?

Kuna vijana hapa kwetu wanaoacha shule kwenda machimboni kwa sababu watu kumi wamewaambia kuna dhahabu inatoka. Ukiwafuatilia hao kumi, wote wamesoma ujumbe mmoja uliosambazwa kwenye makundi kumi ya WhatsApp. Hizo siyo sauti kumi. Ni sauti moja yenye masikio kumi. Vivyo hivyo kuhusu mchumba, kuhusu mkopo, kuhusu nabii fulani wa mtandaoni. Tunauliza marafiki watano wanaofanana nasi kila kitu, halafu tunasema tumeshauriwa.

Akiba ya kweli ni yule anayeweza kukuona kutoka upande mwingine. Bibi yako, kwa mfano. Tarehe inaweza kumpotea, uwanja mpya wa ndege haujui, programu za simu hazijui. Tunamcheka. Lakini mara nyingi ukimweleza jambo lako anajua uko wapi. Mtu anaweza kukosea mwaka na bado akajua Jumapili. Hata hivyo tusidanganyane kinyume chake: rubani haiamini GPS yake kwa kila kitu kwa sababu tu ni ya zamani. Alama ya uwanja ilibidi aiongeze mwenyewe. Wazee tuwasikilize, na yale wasiyoyajua tuyajaze kwa kusoma, kwa kuuliza wataalamu, na kwa kukubali kusomewa tena tarakimu zetu kwa sauti. Kwa Mkatoliki, kitubio ni mahali pa kusomewa tarakimu hizo.

Nilichofanya

Baada ya ile Jumapili nilimtafuta yule dada wa mwaloni. Nilimwomba msamaha. Nilidhani hakumbuki. Akaniambia, "Nakumbuka, Frateri. Nilikaa katikati ya boti nimeshika mbao, nikasali Salamu Maria njia nzima. Sikusali kwa imani, nilisali kwa hofu. Na nilijiona mimi ndiye mwenye dhambi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sikumnyima boya peke yake. Nilimfanya aone haya kwa kuuliza swali zuri, swali ambalo pengine Roho Mtakatifu mwenyewe alikuwa amemtia kinywani kwa ajili yetu ishirini na tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akiba yetu siku ile, ikiwa hai kabisa, nami niliizima kwa sala.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza pale benchini, jibu langu limechelewa lakini ni hili. Kubeba akiba si imani haba, pale ambapo kuna mtu nyuma yako. Sali kabla ya kuruka, na usali kweli. Kisha kagua betri. Na siku nyingine nikiwa naongoza safari, kama maboya hayatoshi tutasali vilevile, ila tutasalia mwaloni mpaka yaletwe, au tutavuka kwa zamu. Wazee wa kigango watasubiri. Uji utapoa, haidhuru.

Wiki hii jiulize mambo matatu. Nani amekaa nyuma yangu, anayebeba matokeo ya maamuzi yangu? Lini mara ya mwisho nilipima dhamiri yangu kwa neno la Mungu na kwa kitubio? Na ni nani aliniuliza swali zuri, nami nikamnyamazisha?

Tusali.

Ee Mungu Baba yetu, unatujua tulipo hata tunapokosea tarehe. Utujalie imani isiyokujaribu, na busara isiyokukimbia. Tupe moyo wa kuwatunza wale uliowakalisha nyuma yetu, na masikio ya kumsikia anayeuliza. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria wa Loreto, uliyewekwa na Papa Benedikto XV mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wasafiri wa anga, utuombee sisi wa angani, wa majini na wa nchi kavu.

Tumsifu Yesu Kristo.